MAKAA HAYACHAGUI

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, nayo imeandikwa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamu



Tumepewa nafasi ya kusema juu ya makaa, nasi tumesikia wengine wakicheka huko nyuma na kuuliza: watu wa reli wana habari gani ya makaa, na injini za mvuke zimekwisha kustaafu zamani? Ndugu, hatukuja kusema juu ya makaa ya kupikia wala ya kuendeshea injini. Tumekuja kusema juu ya makaa mengine, meusi kama hayo lakini mepesi zaidi, ambayo huja katika magunia, nasi tunayapakia na kuyapakua bila kujua ni ya nini. Hayo huenda viwandani kuondoa rangi katika dawa za maua, katika mafuta ya mimea na katika sukari. Na kwa sababu ya makaa hayo, kijana mmoja wa miaka 22 alikaribia kufa mbele ya macho yetu.

Tutaanza na kazi yenyewe, kwa maana mtu asiyejua kazi ya kitu hawezi kuijua hatari yake. Halafu tutasimulia tuliyoyaona. Mwisho tutasema tunataka nini.

Hapa mezani mnaona gilasi mbili. Zote mbili tulizitia chai ya rangi kutoka birika moja. Chai ya gilasi ya pili tuliitia vijiko viwili vya makaa ya kiwandani yaliyosagwa, tukakoroga robo saa, kisha tukaichuja kwa pamba na kitambaa kilichokunjwa mara nne. Iliyotoka kwanza ilikuwa nyeusi, tukairudisha juu. Ikatoka tena, tukairudisha tena, mpaka pamba ilipojipanga vizuri na makaa yakaacha kupita. Tazameni sasa. Rangi ya chai iko wapi? Haikupanda juu kama mvuke, wala haikuzama chini ya gilasi. Imeshikwa na makaa.

Neno hili "kushikwa" ndilo la kulifahamu. Sifongo hunywa maji, na ukiikamua maji hutoka. Makaa hayanywi namna hiyo. Ukipita katika majani marefu baada ya mvua za masika, suruali yako hutoka imejaa kishonanguo. Mbegu zile hazikuingia ndani ya uzi, zimeng'ang'ania juu ya nguo. Ndivyo rangi inavyong'ang'ania juu ya makaa. Na suruali ndefu hubeba mbegu nyingi kuliko kaptura. Basi nguvu ya makaa iko katika upana wa ngozi yake.

Sasa mtauliza, kipande cha makaa kidogo kama punje ya mchele kina ngozi ya upana gani? Makaa ya jikoni yana ngozi kidogo, na ndiyo sababu ukijaribu kwayo nyumbani rangi itafifia tu, haitakwisha. Makaa ya kiwandani huchomwa mara ya pili, katika joto la digrii 800 mpaka 1,000, na mvuke wa maji hupitishwa ndani yake. Mvuke huo hula sehemu ya makaa na kuacha matundu, na ndani ya matundu yamo matundu mengine, madogo hata darubini ya kawaida haiyaoni. Ukiyakunjua yote, gramu moja huwa na ngozi ya kiasi cha mita za mraba 1,000. Uwanja wa mpira ni kiasi cha mita za mraba 7,000. Basi gramu saba za unga huu mweusi, ambazo mtoto aweza kuzifumbata mkononi, zina ngozi ya upana wa uwanja mzima. Makaa haya hufanywa kwa vifuu vya nazi, kwa mbao, kwa makaa ya mawe, na katika viwanda vya sukari vya Ulaya yalitumiwa sana yale ya mifupa ya ng'ombe.

Jambo hili si geni. Katika mwaka wa 1785, Lowitz, mtaalamu wa dawa katika mji wa St. Petersburg, Urusi, aliona ya kwamba makaa huondoa rangi ya kahawia katika maji ya dawa aliyokuwa akiyatengeneza. Katika karne ya 19 watu wa sukari wakalishika jambo hilo. Halafu katika Vita Kuu ya Kwanza, sumu ya hewa ilipotumiwa kwa wingi kuanzia mwaka wa 1915, makaa yakatiwa ndani ya vinyago vya askari ili yaishike sumu kabla haijafika mapafuni. Na hospitalini mtu aliyekunywa sumu za namna fulani hupewa makaa haya ayanywe. Rangi, sumu, harufu: kwa makaa vyote ni mbegu za kishonanguo.

Tuchukue mfano wa kwetu, nao ni pareto, ambayo wengi wenu mmekua mkiiona shambani huko Molo, Kinangop, Limuru na Kisii. Asili ya maua haya ni Dalmatia, ng'ambo ya bahari kutoka Italia, nayo yaliletwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920. Wakati wa Vita Kuu ya Pili nchi yetu ilikuwa imekwisha kuwa ya kwanza duniani kwa pareto, ikakaa katika nafasi hiyo miaka mingi. Baadaye zao hili likaanguka sana, lakini namna ya kuisafisha dawa yake ni ya kutufundisha hata leo.

Dawa iliyomo ndani ya ua ni kidogo. Katika kilo 100 za maua makavu utapata kilo moja mpaka mbili tu. Maua husagwa, kisha huoshwa kwa heksani, nayo ni kitu cha jamii ya petroli, hushika moto upesi. Heksani huibeba dawa, halafu hutiwa joto ikaondoka kama mvuke, ikakusanywa ili itumike tena. Kinachobaki ni kitu kizito kama lami, chenye rangi ya kijani na kahawia. Dawa imo, lakini imo pia nta ya maua, na gundi, na ule ukijani wa mmea. Ukiipuliza nyumbani jinsi ilivyo itachafua kuta na nguo, na nta itaziba tundu la bomba. Tena katika takataka hizo mna vitu vinavyowasha ngozi na kupigisha chafya, kama wanavyojua wale waliobeba magunia ya maua makavu mgongoni.

Kwa hiyo huyeyushwa tena katika spiriti iitwayo methanoli. Nta haikubaliani na methanoli, hujitenga. Kisha unga wa makaa hutiwa na kukorogwa, nao hushika rangi. Halafu yote hupitishwa katika mashini ya kuchujia yenye mabamba na vitambaa. Makaa hubaki juu ya kitambaa, dawa hupita. Mwisho methanoli huondolewa. Iliyoingia kama lami hutoka ya manjano, unaweza kuona mwanga ndani yake. Hiyo ndiyo hutiwa katika mapipa, na mapipa hayo ndiyo mzigo wetu.

Lakini unga wa makaa ni laini mno. Peke yake ama utapita katika kitambaa, ama utakiziba. Hapo huhitajiwa msaidizi wa kuchuja, na mmoja wao ni udongo mweupe uitwao daiatomaiti. Ninyi mnaosafiri kutoka Naivasha kwenda Nakuru mnaujua. Ukipita Gilgil, karibu na ziwa Elmenteita, pako mahali paitwapo Kariandusi, ambapo ardhi imechimbwa ikaonekana nyeupe kama chokaa. Si chokaa. Ni magamba ya vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho, vilivyoishi katika ziwa la zamani sana, vikafa, na magamba yao yakarundikana chini. Kila gamba lina matundu. Udongo wa namna hiyo haushiki rangi. Kazi yake ni kujilaza juu ya kitambaa kama mchanga wa mtoni, maji yakapita na tope likazuiliwa. Mlango wa kwanza wa mashini ukifunguliwa, maji ya kwanza hutoka machafu, nayo hurudishwa juu mpaka tabaka lijipange. Ni kama tulivyofanya hapa na pamba.

Katika mafuta ya kupikia hutumiwa sana udongo mwingine, wa jamii ya mfinyanzi, na mara nyingi umeoshwa kwa asidi ili nguvu yake izidi. Mafuta ya mawese yakiwa ghafi ni mekundu, na ya mbegu za pamba ni meusi meusi. Hutiwa udongo huo kiasi cha kilo 5 mpaka 20 kwa kila tani, yakatiwa joto la digrii 100 hivi katika tangi lililotolewa hewa, kisha yakachujwa. Huo nao hushika rangi juu ya ngozi yake, kama makaa.

Sasa tumefika penye jina la hotuba yetu. Makaa hayachagui. Ukitia makaa machache, rangi inabaki. Ukitia mengi mno, yatashika rangi, na pamoja nayo yatashika dawa yenyewe, ile uliyoitafuta katika magunia na magunia ya maua. Hiyo hutupwa pamoja na makaa, na kilo moja iliyotupwa ni jasho la shamba zima. Kwa hiyo yule anayesimama penye tangi na mizani yake hamwagi tu unga. Anapima. Anachota kidogo, anatazama rangi kwenye mwanga, anapima tena.

Tena fundi mzuri hamimini makaa yote mara moja. Huyagawa mafungu mawili. Hutia fungu la kwanza, akakoroga, akachuja. Ndipo hutia fungu la pili, akakoroga, akachuja tena. Kwa uzito ule ule wa makaa rangi iliyoondoka huwa nyingi zaidi, kwa sababu fungu la kwanza limeshiba likaondolewa, na fungu la pili lenye njaa limepewa kazi iliyobaki. Huo ni ufundi. Lakini katika viwanda vingine mtu huyo bado ameandikwa katika kitabu cha mshahara kama mtu asiye na ufundi, na mwenzake anayechokora makaa ya zamani ni kibarua wa siku moja moja. Hilo tutalirudia.

Kabla hatujaendelea, tunataka kuondoa kosa moja. Wako wanaodhani kitu kikiwa cheupe ni safi. Hasha! Makaa huondoa rangi, lakini maji ya mto yaliyopita katika makaa yaweza kuwa maangavu kama kioo na bado yana vijidudu vya kipindupindu. Chujeni, halafu chemsheni. Wako pia wanaodanganya watu ya kwamba pombe mbaya ikipitishwa katika makaa sumu hutoka. Si kweli. Methanoli haina rangi, na makaa hayaishiki vya kutosha kumwokoa mtu. Tunakumbuka mwaka wa 2000, hapa Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa na wengine wakapofuka kwa pombe iliyotiwa methanoli. Yeyote anayefanya kazi penye methanoli asibebe hata chupa moja kwenda nyumbani, wala asikubali kumpa rafiki.

Sasa tusimulie tuliyoyaona.

Katika mwaka wa 2016 tulipeleka mabehewa katika kiwanda kimoja chenye njia yake ya reli. Hatutakitaja, kwa sababu hatukuja kushitaki jina, tumekuja kufundishana. Kiwanda hicho kilikuwa kikisafisha maji ya mimea, na makaa yake hayakuwa ya unga bali ya chembe chembe, yaliyojazwa ndani ya tangi refu la chuma lililosimama wima, maji yakipita kutoka juu kwenda chini. Makaa yalikuwa yameshiba. Siku ya Jumamosi waliyaosha kwa maji, wakayamwaga maji, wakafunga. Jumatatu asubuhi wakafungua tundu la juu, na kibarua mmoja akaambiwa ashuke kwa ngazi na sepeto, aanze kuyachota.

Alikuwapo mzee mmoja, kibarua pia, ambaye katika ujana wake alikuwa mchimba visima. Mzee huyo alimwambia kijana, "Mwanangu, ngoja kwanza." Akachukua kamba, akamfunga chini ya makwapa. Nyapara akacheka, akasema, "Mzee, hapa hakuna kisima, na tangi ni kavu." Mzee hakujibu. Aliifunga kamba, akaushika mwisho wake.

Kijana alishuka. Tulisikia sepeto ikigonga chuma mara mbili au tatu, kisha kimya. Mzee akaita. Hakuna jibu. Mwenzake kijana, rafiki yake, palepale akatia mguu katika tundu ili ashuke kumchukua. Mzee akapiga kelele, "Mshikeni huyo!" nasi tukamshika, akatupiga ngumi za kifua akilia ya kwamba tunamwacha ndugu yake afe. Watu watano tukavuta kamba. Kijana akatoka midomo yake imekuwa ya rangi ya majivu. Tukamlaza penye upepo, akapumua, akatapika, baada ya muda akafumbua macho. Akauliza, "Nimelala?" Hakukumbuka hata kuanguka. Hakusikia harufu yoyote, hakukohoa, hakuona kizunguzungu cha kumwonya.

Mchana akaja mtu wa vipimo na chombo chake, akakishusha kwa kamba. Kabla hakijafika nusu ya tangi kikaanza kulia.

Ndugu, ni nini iliyokuwa ndani? Hapakuwa na sumu. Kulipungua kitu. Hewa tunayovuta ina oksijeni kiasi cha sehemu 21 katika 100. Ikishuka chini ya sehemu 19 na nusu, kazi imekwisha kuwa ya hatari. Ikifika sehemu 10 au chini yake mtu huanguka, na ikifika 6 hufa kwa dakika chache. Makaa yaliyolowa huishika oksijeni. Ukiyafungia siku mbili katika chuma, ngozi ile yenye upana wa viwanja maelfu inaila hewa kimya kimya. Yalishika rangi, nasi tukafurahi. Yalishika dawa, nasi tukapata hasara. Sasa yameshika pumzi ya mtu. Makaa hayachagui.

Tena angalieni ubaya wa jambo hili. Kisima kibovu mara nyingine hunuka. Tangi la makaa halinuki, kwa sababu makaa yamekwisha kuishika hata harufu. Pua inakuambia ingia. Na kinyago cha makaa, kile kinachozuia sumu, hakisaidii kitu mahali pasipo oksijeni, maana kinachuja hewa tu, hakitengenezi hewa.

Yule rafiki aliyetaka kushuka, tusingemshika, tungevuta maiti mbili. Katika mwaka wa 1986 wachunguzi wa serikali ya Marekani wa usalama wa kazi walitangaza ya kwamba katika vifo vya matangi, mashimo na mahali pa namna hiyo, zaidi ya nusu ya waliokufa walikuwa watu walioingia kuokoa wenzao. Yaani waliokufa kwa upendo walikuwa wengi kuliko waliotumwa kazini. Kushuka ovyo si ushujaa. Ushujaa ni kushika kamba.

Tulipokwisha kumpeleka kijana kwa daktari tulirudi tukatazama magunia. Mmoja wetu, aliyesoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, aliinama akasoma maandishi kwa kidole, neno kwa neno. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, kwa Kiingereza, palikuwa pameandikwa onyo ya kwamba makaa haya yakilowa hupunguza oksijeni katika hewa, na kwamba mtu asiingie katika chombo kabla hewa haijapimwa. Onyo lilikuwapo. Tulikuwa tumelibeba sisi wenyewe mabegani, gunia baada ya gunia. Lakini liliandikwa kwa lugha ya anayenunua, si ya anayeshuka. Na yule kijana alikaa nyumbani siku tisa bila kulipwa, kwa kuwa kibarua asiyefika kazini hana siku.

Yako mambo mengine mawili yanayotuhusu sisi wa mizigo. La kwanza ni moto. Baadhi ya makaa ya namna hii yameandikwa katika hesabu ya mizigo ya hatari kwa namba 1362, na alama yake ni kibao cha pembe nne kilichosimama kwa ncha, nusu ya juu nyeupe, nusu ya chini nyekundu, na picha ya mwali. Maana yake ni kitu kiwezacho kuwaka chenyewe bila kiberiti. Hata ule udongo wa kusafishia mafuta, ukitupwa ukiwa umeshiba mafuta na kurundikwa, hupata joto wenyewe mpaka ukawaka. Ukiona gunia la moto kwa mkono, usiliweke katikati ya mengine. Litoe, mwite msimamizi.

La pili ni vumbi. Vumbi la makaa likijaa hewani penye cheche laweza kulipuka. Na daiatomaiti iliyochomwa kiwandani ina vumbi linaloumiza mapafu polepole, miaka kwa miaka, na mapafu yakiisha kukauka hayarudi. Kitambaa cha mdomoni hakitoshi. Unga ulowanishwe kabla ya kumiminwa, na watu wapewe vinyago vya kuzuia vumbi vinavyofaa.

Ndugu, tunataka nini? Hatutaki makaa yaondoke. Bila makaa na udongo, dawa ya maua ingekuwa lami, na wenzetu wengi wasingekuwa na kazi. Tunataka mambo matano, na tunaomba mkutano huu uyakubali ili Katibu ayapeleke.

Kwanza, mtu asishuke katika tangi lililokuwa na makaa kabla hewa haijapimwa kwa chombo, juu, katikati na chini, na kabla upepo mpya haujaingizwa kwa mashini. Asiteremshiwe taa ya moto kama wafanyavyo wachimba visima. Penye heksani au methanoli taa hiyo ni bomu.

Pili, anayeshuka afungwe mkanda na kamba, na juu asimame mtu ambaye kazi yake ni hiyo tu. Huyo wa juu asishuke hata akisikia kilio. Avute, aite msaada.

Tatu, onyo liandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, penye tundu la kila tangi: MAKAA YALIYOLOWA HULA HEWA. USIINGIE. Katika taarifa hii tumeliandika kwenye mstari wake, ili ukate karatasi ukabandike wewe mwenyewe wakati ukingoja mwajiri.

Nne, kibarua afundishwe sawa na mwenye kazi ya kudumu kabla ya kushika sepeto, na akiumia alipwe siku zake. Anayechokora makaa ndiye aliye karibu zaidi na hatari, naye ndiye anayejua kidogo kuliko wote. Hilo limepinduka, nasi twataka ligeuzwe.

Tano, anayepima makaa aandikwe kuwa ni mtu wa ufundi na alipwe hivyo.

Msiogope kusema. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mfanya kazi atoe habari mara moja akiona hatari kubwa, na mwajiri haruhusiwi kumrudisha mahali hapo mpaka hatari iondolewe. Sheria hiyo hiyo inataka mahali penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, na wafanya kazi wawe na wajumbe wao ndani yake. Ulizeni kazini kwenu: kamati iko wapi? Ilikutana lini? Nani aliwachagua wajumbe? Mkikosa jibu, leteni habari tawini.

Yule mzee wa kamba tulimwuliza baadaye ni nani aliyemfundisha. Akasema alipokuwa kijana alimzika mwenzake aliyeshuka kisimani bila kamba, na tangu siku hiyo hamwachi mtu ashuke bila kufungwa, hata akichekwa. Hakusoma sheria, hakujua neno oksijeni. Alijua tu kwamba kuna mahali ambapo hewa si hewa.

Sisi tumelisoma onyo sasa. Hatuna udhuru tena. Kila mmoja wenu akitoka hapa amwambie mtu mmoja asiyekuwapo, hasa kibarua, hasa kijana.

Gilasi zile mbili zitabaki mezani, mje mtazame. Lakini ile nyeupe msiinywe.